Karte ya anga: mtu ananunua karatasi ao ananunua tarehe?



Likizo iliyopita mtoto wa dada yangu alirudi nyumbani kutoka Uganda, kule anajifunza urubani. Mama yake alimpikia bugali na sombe, majirani wakaja kumuona, kila mutu akataka kujua kama kweli ameshaendesha ndege. Tulipomaliza kula, kijana akatoa kwenye sakoshi kitu kilichokunjwa na kufungwa kwa kamba, akaniambia: "Mjomba, angalia. Nimepata kununua karte ya kwetu."

Tukaitandika kwenye meza, vikombe vinne kwenye pembe nne ili isijikunje tena. Ilikuwa karte nzuri, kubwa, yenye rangi: kijani kwa mabonde, manjano na kahawia kwa milima, buluu kwa maziwa. Piloti mmoja wa zamani alimuuzia kwa bei ndogo, na kijana alikuwa na furaha ya mutu aliyeshinda sokoni. Lakini tulipoanza kusoma majina, tukaanza kucheka. Inchi yetu iliitwa Zaïre. Ziwa Albert liliitwa Mobutu Sese Seko. Ziwa Edward, hili letu la Kyavinyonge, liliitwa Idi Amin Dada.

Dada yangu hakucheka. Aliinama, akaangalia, akauliza: "Sasa mwanangu, ukiruka na hii, utatua katika inchi gani?"

Hilo swali lilinifuata siku nyingi. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Maana historia ya karte za anga za eneo letu, Beni, Butembo, Ruwenzori na bonde la Semuliki, ni historia ambayo wengi wetu hatukuifundishwa, na inagusa maisha yetu kuliko tunavyofikiri. Barabara zetu tunazijua. Tangu mauaji yalipoanza katika territware ya Beni mwezi wa 10 mwaka 2014, familia nyingi hazisafiri tena kwa amani kwenda Eringeti ao Kasindi. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1/8/2018 kuanzia upande wa Mangina na kumalizika rasmi tarehe 25/6/2020, waganga na chanjo walifika Beni kwa ndege. Na tangu Goma ilipoanguka mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, kiwanja chake cha ndege kikafungwa, na utawala wa jimbo ukahamia Beni. Leo ndege kwetu haiko kitu cha matajiri peke yao. Na ndege yoyote inayotafuta Mavivi ao Rughenda kati ya mawingu inategemea kwamba kuna mutu fulani, siku fulani, aliyepima milima yetu vizuri.

Tuanze mbali kidogo.

Marubani wa kwanza wa Kongo hawakuwa na karte ya anga. Walikuwa na mto. Kati ya mwaka 1920 na 1922, Wabelgiji waliendesha laini ya ndege iliyoitwa jina la mfalme Albert, kutoka Léopoldville hadi Stanleyville, ndiyo Kinshasa na Kisangani za leo. Walitumia ndege za kutua juu ya maji. Piloti alifuata mto Kongo kama vile dereva anavyofuata barabara: ukipotea, shuka chini utafute maji, injini ikizima, tua kwenye maji. Mto ulikuwa karte, ulikuwa kiwanja, ulikuwa na usalama wake.

Miaka mitatu baadaye, Edmond Thieffry, piloti Mubelgiji aliyepigana angani katika vita vya kwanza vya dunia, alitoka Bruxelles tarehe 12/2/1925 na kufika Léopoldville tarehe 3/4/1925. Siku 51! Tuseme kweli, leo mutu akichukua siku 51 kutoka Ulaya familia yake itakuwa imeshafanya matanga. Lakini wakati ule ilikuwa ajabu kubwa. Thieffry mwenyewe alikufa mwaka 1929 katika ajali ya ndege karibu na ziwa Tanganyika, upande wetu wa mashariki, kule milima inaanza na mto mkubwa wa kufuata hakuna.

Hapo ndipo shida yetu inaonekana. Huku kwetu hakuna mto Kongo wa kumuongoza piloti. Kuna vilima vya Butembo na Lubero, kuna bonde la Semuliki, kuna pori nene upande wa magharibi, na upande wa mashariki kuna Ruwenzori. Mulima huu unafika mita 5,109 kwenye ncha ya Margherita, na siku nyingi za mwaka umejificha ndani ya wingu. Mutu wa Mutwanga anaweza kuishi kwenye miguu yake na kukaa wiki nzima bila kuona barafu.

Wazungu waliokuja kutafuta chanzo cha mto Nil walipita karibu nao bila kuuona. Stanley ndiye aliyeuandikia watu wa Ulaya kwamba aliona barafu, mwaka 1888. Mwaka 1906 mtoto wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, akapanda hadi juu na kupima ncha zake. Jina Margherita ni la malkia wa Italia. Wazee wetu waliokuwa wakiwinda na kulima kwenye miteremko yake walikuwa na majina yao wenyewe, lakini hawakuwa na printa.

Halafu likaja jambo la mpaka. Mikataba ya Ulaya ilikuwa imetaja mstari wa digrii 30 za mashariki kama mpaka kati ya Kongo na maeneo ya Waingereza. Kwenye karatasi mstari huo ni rahisi: unaweka lati, unapiga kreyo. Lakini juu ya udongo, hakuna aliyejua vizuri unapitia wapi. Ilibidi wapimaji Waingereza na Wabelgiji waje mwaka 1907 na 1908 kuutafuta, wakipanda vilima na vyombo vyao, huku wabebaji wetu wakibeba masanduku kwenye vichwa. Mwisho wake, katika mapatano ya Bruxelles ya mwaka 1910, wakubwa wakakubaliana mpaka ufuate zaidi vitu vinavyoonekana, pamoja na Ruwenzori na Semuliki. Hivyo ndivyo Wanande wa huku na Wakonzo wa kule, watu wa ukoo mmoja na luga moja, walivyojikuta katika inchi mbili.

Ninakumbusha hayo kwa sababu moja. Karte za kwanza za uhakika za eneo letu hazikuchorwa kwa ajili ya msafiri. Zilichorwa kwa ajili ya mpaka. Walipima vizuri pale ambapo serikali mbili zilikuwa zinagombana. Pale ambapo hakuna aliyegombana, walipita haraka.

Sasa, biashara ya karte za marubani ilianza namna gani? Hapa naomba tutoke Kivu kidogo, twende Marekani, maana huko kuna kisa kizuri.

Miaka ya 1930 kulikuwa na piloti mmoja wa kubeba barua, jina lake Elrey Jeppesen. Wakati huo marubani wa barua walikuwa wanakufa sana, wanagonga milima usiku na wakati wa teluji. Jeppesen akanunua daftari ndogo nyeusi kwa senti 10. Kila mahali alipotua aliandika: kiwanja kina urefu gani, kinainama upande gani, kuna mnara wa maji wapi, mulima wa karibu una futi ngapi. Aliandika hata namba ya simu ya mkulima anayeweza kumwambia kama mvua inanyesha. Wenzake wakasikia, wakaanza kuomba kunakili. Akaona kazi ni nyingi, mwaka 1934 akaanza kuuza nakala kwa dolari 10. Kutoka kwenye daftari ile ya senti 10 ikazaliwa kampuni ambayo jina lake marubani wa dunia nzima wanalijua mpaka leo.

Fikirieni vizuri: kati ya senti 10 na dolari 10 kuna nini? Karatasi ni ile ile. Kilicholipwa ni macho ya mutu aliyefika pale, akapima, akaandika, na baadaye akarudi tena kuangalia kama mambo yamebadilika. Ndiyo maana ninasema mutu anayenunua karte ya anga hanunui karatasi. Ananunua kazi ya aliyepima, na ananunua tarehe ya siku aliyopima.

Vita vya pili vya dunia vilipokaribia kuisha, inchi nyingi zilikutana Chicago, na tarehe 7/12/1944 zikatia sahihi mkataba wa anga. Kutoka hapo likazaliwa shirika la kimataifa la anga ambalo sisi wa luga ya Kifaransa tunaliita OACI. Mwaka 1948 likatoa kanuni za karte: alama zifanane popote, ili piloti wa Brazil asome karte ya Kenya bila mkalimani. Na kila inchi ikapewa wajibu wa kutoa habari za anga yake: viwanja, milima, minara, mawimbi ya redio. Zingatia hilo neno: kila inchi. Karte haijichori yenyewe. Kama inchi haitumi habari, mchoraji aliye mbali anachora anachokumbuka.

Kwetu, wakati wa ukoloni, kulikuwa na Institut Géographique du Congo Belge. Baada ya vita walipiga picha nyingi kutoka angani na kuchora karte kwa picha hizo. Kazi ilikuwa kubwa, tusikatae. Lakini ukifika mwaka 1960 na uhuru wa tarehe 30/6, mafundi wengi Wabelgiji wakaondoka, na Wakongomani waliofundishwa kazi ile kwa kiwango cha juu walikuwa wachache sana. Halafu zikafuata vita, uasi, na serikali isiyokuwa na feza ya kupiga picha tena. Karte zikabaki na tarehe za zamani.

Nani basi aliendelea kuchora anga yetu? Wamarekani, wakati wa vita baridi. Jeshi lao lilikuwa na ofisi kubwa ya karte kwenye muji wa St. Louis, katika jimbo la Missouri. Kutoka pale zilitoka karte za dunia nzima: za kipimo cha 1 kwa 1,000,000, ambapo sentimeta moja ni kilometa 10, na za kipimo cha 1 kwa 500,000, ambapo sentimeta moja ni kilometa 5. Kutoka Beni hadi Butembo ndege inafuata mstari wa kama kilometa 45. Kwenye karte ya kwanza safari hiyo yote ni sentimeta 4 na nusu, ndogo kuliko kidole. Kwenye ya pili ni sentimeta 9.

Karte hizo ziliuzwa kwa raia pia. Kwa mfano pale London, kwenye duka la Stanfords, duka la karte lililoanzishwa mwaka 1853, msafiri aliweza kuingia na kutoka na karte ya anga ya Afrika chini ya kwapa. Sasa angalia njia ilivyo: milima yetu, iliyopimwa na Mubelgiji na Mwingereza, imechorwa St. Louis, imeuzwa London, na kijana wa Butembo anaikuta Uganda kwa mzee aliyemaliza kazi. Kila mkono iliyopitia, tarehe inazeeka.

Karte hizo zilikuwa na uaminifu mmoja ambao mimi ninauheshimu. Mahali ambapo mchoraji hakuwa na vipimo vya kutosha, hakudanganya. Aliacha pengo na kuandika kwa Kiingereza kwamba habari za milima hazikukamilika, ao kwamba wanaamini hakuna kilima kinachopita futi fulani. "Wanaamini"! Piloti mwanafunzi lazima ajue tofauti kati ya mulima uliopimwa na mulima unaoaminiwa.

Turudi kwenye meza yangu. Kijana alitufundisha kusoma, na mimi mwenyewe, pamoja na diploma yangu, nilijifunza. Alionyesha kwamba karte imegawanywa kwa miraba, na ndani ya kila mraba kuna namba kubwa na namba ndogo. Hizo ni futi: kubwa ni maelfu, ndogo ni mamia. Zinaonyesha urefu wa kitu cha juu kabisa kinachojulikana ndani ya mraba huo, mulima ao mnara. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tunafikiri kwa mita, na hapo ndipo mtego. Mita 5,109 za Margherita ni karibu futi 16,760. Ndege ndogo ya kujifunzia kama Cessna 172 haifiki hata futi 15,000. Maana yake mwanafunzi hapiti juu ya Ruwenzori, anauzunguka. Na ili auzunguke, lazima ajue yuko wapi wakati wingu limefunika.

"Na hii antene ya simu kwenye kilima iko wapi hapa?" nikamuuliza, nikionyesha upande wa dirisha.

Akatafuta. Haikuwepo. Bila shaka haikuwepo: karte ya wakati wa Zaïre haiwezi kujua minara ya simu iliyoota kwenye vilima vyetu baada ya mwaka 2000. Mulima hausogei, ndiyo. Lakini binadamu anaongeza vyuma juu ya mulima. Kiwanja kinarefushwa, kingine kinaota nyasi. Mawimbi ya redio yanabadilishwa. Hata sindano ya dira inasogea kidogo kidogo mwaka kwa mwaka, na karte ya zamani inakupa hesabu ya zamani. Kijana akanyamaza. Akaona kwamba amenunua kitabu cha historia kizuri sana, lakini hakununua karte ya kurukia.

Wengine mutaniambia: ndugu, hayo yote yamepitwa, leo kuna tableti na GPS. Ni kweli nusu.

Mwaka 2000 ulileta mambo mawili makubwa. Mwezi wa 2, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima urefu wa ardhi kwa rada. Rada haizuiwi na wingu. Kwa hiyo Ruwenzori, uliokuwa ukijificha tangu zamani za Stanley, ulipimwa, pamoja na mabonde ya pori ambayo karte ziliacha mapengo. Halafu mwezi wa 5 mwaka huo huo Wamarekani wakaacha kuharibu kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia, na chombo kidogo cha mkononi kikaanza kukuambia mahali ulipo ndani ya mita chache. Mwaka 2014 vipimo vya rada vya kina zaidi vikaanza kutolewa kwa watu wote bure, na Afrika ikawa ya kwanza kupewa. Leo mwanafunzi analipa programu kwenye tableti, na karte inajigeuza mpya yenyewe. Habari za anga duniani zinabadilishwa kwa ratiba ya kila siku 28. Ukilinganisha na karte yetu ya Zaïre, ni kama chukudu na gari.

Lakini mwaka 2024 Umoja wa Mataifa ulilalamika kwamba mawimbi ya GPS yanavurugwa katika anga ya Kivu ya Kaskazini, na ndege za msaada zinapata shida. Chombo kinakuambia uko mahali ambapo hauko. Fikiria piloti kijana, wingu upande wa kuume, Ruwenzori ndani ya lile wingu, na skrini inayosema uongo bila haya. Siku hiyo ni nini kitamuokoa? Saa yake, dira yake, macho yake, na karatasi iliyo kwenye magoti. Anaona mto Semuliki unavyojipinda, anaona barabara ya kwenda Kasindi, anahesabu dakika, anasema: niko hapa. Chukudu haiko ya haraka, lakini haihitaji mafuta.

Kwa hiyo, kwa vijana wetu wanaokwenda kujifunza kazi hii, naomba niandike wazi mambo ambayo kijana wetu aliyalipia ili ayajue.

Kwanza, usiulize bei mbele ya kuuliza tarehe. Kwenye pembe ya karte kuna mwaka wa kutolewa, na mara nyingi kuna mwaka mwingine wa habari zenyewe, ambao ni wa zamani zaidi. Soma yote mawili.

Pili, uliza kipimo. Kwa kujifunza kuruka kwa macho, 1 kwa 500,000 inaonyesha vilima na barabara vizuri kuliko 1 kwa 1,000,000. Lakini haiko kila eneo lina karte mpya ya kipimo hicho, na la kwetu ni mfano.

Tatu, karte ya karatasi peke yake haitoshi. Habari za kila siku za viwanja vya Kongo zinatolewa na Régie des Voies Aériennes, RVA, iliyoanzishwa mwaka 1972. Chukua matangazo yao, fungua karte, ongeza kwa kreyo. Kwa kreyo, haiko kwa biki, sababu kesho itabadilika.

Inne, usitupe ya zamani. Iweke nyumbani. Inafundisha namna bonde linavyokaa na namna ya kupima njia kwa lati na raportere. Ila usiipande nayo ndege.

Sasa nirudi kwetu sisi wahitimu, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Zamani shule ya urubani ya Soroti kule Uganda ilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na sisi hatukuwa ndani. Tangu mwaka 2022 inchi yetu ni mwanamemba wa Jumuiya ya leo. Vijana wetu wanavuka Kasindi kwenda kusoma mambo mengi. Ni vizuri. Lakini wakirudi wakiwa marubani, wataruka juu ya eneo ambalo habari zake nani anazipima? Ndani ya kikundi chetu kuna majeometa, kuna mafundi wa ujenzi, kuna walimu wa jiografia, kuna wanaofanya kazi kwenye makampuni ya simu. Mnara ukisimamishwa kwenye kilima, kuna mmoja wetu anayejua siku, mahali na urefu. Nyumba zikianza kukaribia kiwanja cha ndege, kuna mmoja wetu anayeziona kila asubuhi. Habari hizo zikikaa kichwani, hazimsaidii piloti. Zikiandikwa vizuri na kupelekwa kwenye ofisi inayohusika, zinaingia kwenye karte. Hivyo ndivyo karte inavyochorwa. Haianguki kutoka mbinguni, haitoki St. Louis yenyewe.

Hatuhitaji kuwa Duke wa Abruzzi. Daftari ya Jeppesen ilikuwa ya senti 10.

Kijana wetu amesharudi shuleni. Mbele ya kuondoka alinunua karte nyingine, mpya, akalipa bei iliyomuuma. Tulimchangia kidogo. Ile ya zamani aliniachia mimi, imetundikwa ukutani sebuleni. Wageni wakija wanacheka jina la Idi Amin juu ya ziwa, halafu wananyamaza, wanaanza kutafuta vijiji vyao. Wengine wanavikuta. Wengine hawavikuti, na wanakasirika kama vile mimi ndiye niliyechora.

Dada yangu bado anaiangalia kwa mashaka. Juzi aliuliza kama ile mpya ya mtoto wake inaonyesha antene ya kwenye kilima chetu. Nilimpigia kijana simu, nikamuuliza. Akasema ngoja niangalie. Nikasikia karatasi inafunguka.

"Haiko, mjomba," akasema. "Nitumie mahali ilipo sawasawa. Nitaitia kwa kreyo, halafu nitauliza kwa mwalimu wangu inapelekwa wapi ili iingie kwa wote."

Kesho asubuhi ninapanda kile kilima na telefone yangu kwenda kupima. Atakayetaka kunisindikiza, karibu.